Maksai Bila Ukuta

Benchi la zege lililo mbele ya ghala la nafaka la ushirika, mjini Prosek, Nebraska, hujaa saa kumi na mbili asubuhi, karani akishatoa birika la kahawa nje na kabla hajapata nafasi ya kujuta. Linatazama mizani ya malori. Wanaolikalia wana kazi mbili: kukisia uzito wa kila lori la mahindi kabla haujasomwa, na kuiendesha timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa na kurushwa kwa mikono, ya Chuo cha Prosek, Maksai, ingawa chuo hakijawahi kuwaomba. Agosti hii kazi ya pili ilikuwa imewaelemea, kwa sababu ukuta ulikuwa umeondoka. Ukuta ndio wale vijana watano wapana wanaosimama mbele ya mrushaji na kupokea vishindo vyote, ili yeye auachie mpira angali na mbavu zake kamili. Watatu walihitimu. Wa nne alioa akaenda kuchunga ng'ombe wa baba mkwe. Wa tano, Brock Hruska, yule wa kushoto anayelinda mgongo wa mrushaji, maana mrushaji akigeuka kurusha upande huo haoni, alihamia chuo kikubwa cha jimbo jingine mwezi wa Januari, na hata kwaheri hakuaga. Waliokuja badala yao hawajawahi kumzuia mtu popote isipokuwa kwenye foleni ya chakula. Kwa wengine hizo zilikuwa porojo tamu za asubuhi. Kwa Emil Kratochvil, ambaye magoti yake hulia kila akiinuka na kwa hiyo mji mzima unamwita Bawaba, hazikuwa tamu hata kidogo, kwani mrushaji alikuwa Colby, mjukuu wake, aliyemlea mwenyewe tangu ana miaka minne. Mechi ya kwanza ilikuwa bado siku tisa, na mzee wa watu alikuwa ameshaanza kuota machela.

— Tatizo ni uzito, alisema Dizeli. — Mengine yote mbwembwe.

Dizeli ni Delmar Oestreich, fundi wa matrekta. Alistaafu zamani, ila mafuta hayajapata habari. Kila kikombe anachoshika hubaki na alama zake.

— Uzito gani tena? aliuliza Bawaba.

— Uzito wa hawa wapya. Yule wa katikati anakula kwangu, namjua nje ndani. Ratili mia mbili na hamsini, tena hapo ameshika jembe. Yule ni ndama, bwana. Sasa ndama unamfanyaje? Unamfungia zizini, unamlisha mahindi siku tisini, anatoka ng'ombe.

— Zimebaki siku tisa.

— Basi mahindi mara kumi.

— Mara kumi si atapasuka?

— Akipasuka atakuwa ameshapanuka.

Bawaba alitazama kahawa yake. Alikuwa akija hapa kila asubuhi akitumaini kwamba mmoja wao atasema neno moja la kumtuliza, na kila asubuhi alirudi nyumbani na hofu mpya ambayo jana hakuwa nayo.

— Mnahangaika bure, alisema Hakimu. — Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Huyu jina lake ni Arlo Svoboda, na hakimu hajawahi kuwa. Miaka thelathini alisimama mlangoni mwa mahakama ya wilaya akiita majina ya watu. Sheria aliisikia kwa mbali, mlango ukifunguliwa na kufungwa, na inaelekea methali nazo alizipata hivyohivyo.

— Sasa hiyo inatusaidia nini? aliuliza Dizeli.

— Fikiria. Ufa tunao?

— Tunao.

— Tumeuziba?

— Hatujauziba.

— Basi tutajenga ukuta. Wahenga wameshaahidi. Sisi tutulie tu, tusije tukauziba ule ufa kwa pupa tukaukosa ukuta.

— Hakimu, ile ni methali ya kuonya watu, alisema Stempu. — Maana yake uzembe utakutia gharama.

— Mama, kujenga ni maendeleo. Tangu lini maendeleo yakawa onyo?

Stempu ndiye mwanamke pekee wa benchi hilo, na ndiye mwenye akili pekee, kwa maoni yake. Jina lake LaVerne Pospisil. Aliongoza posta ya Prosek mpaka alipostaafu, na hadi leo akipewa bahasha huipima mkononi kabla ya kuisoma.

— Nyamazeni niwaambie kitu, alisema, akisogea mbele. — Mpira hauchezwi kwa uzito. Mpira unachezwa kwa vifurushi.

— Vifurushi gani?

— Vya posta. Miaka thelathini na moja nimepima vifurushi vya wachezaji wa chuo kile. Kijana anayeletewa kifurushi na mama yake kila mwezi, uwanjani harudi nyuma. Asiyeletewa kitu anasukumwa kama toroli. Mwaka ule tuliopoteza mechi tisa, rafu ya chuo ilikuwa na vumbi mpaka buibui walihamia.

— Acha kutupiga kamba, Stempu.

— Kamba? Brock vifurushi vyake vilikatika Novemba. Januari huyo, ametoweka. Mimi niliona, nikanyamaza kwa ajili ya kiapo cha posta.

— Wewe si umestaafu miaka sita iliyopita? Umevionea wapi hivyo vya Novemba? aliuliza Dizeli.

— Naingia kusalimia. Na kiapo hakistaafu.

Jina la Brock lilipotajwa, Bawaba aligeuka akatazama mizani, ingawa hapakuwa na lori. Benchi zima lilijua kwa nini. Jiko la chuo hufungwa Jumapili, na tangu enzi za mababu wa akina Kratochvil nyumba za Prosek hugawana vijana wa ukuta kwa chakula cha mchana wa siku hiyo. Wanne huenda popote. Wa kushoto hagawiwi. Yeye ni mgeni wa nyumba ya mrushaji, kwa sababu anayemlindia mtoto wako mgongo hali kwa jirani. Ndivyo Brock alivyokaa mezani kwa Bawaba Jumapili za miaka miwili, nguruwe wa kuoka na kabichi chachu mbele yake, akifuta madonge ya unga kumi na manne kwa mkupuo na kumwita Bawaba babu. Kisha akaondoka bila kubisha hodi. Habari za kuhama kwake Bawaba alizipata hapahapa benchini, kutoka kwa Hakimu, mbele za watu, na lilimuuma kuliko alivyotaka mtu ajue.

Kwa hiyo mwaka huu aliifunga meza. Vijana walifika chuoni mwanzoni mwa Agosti, Jumapili tatu zikapita, na huyo mpya wa kushoto hakuna aliyekwenda kumchukua. Nyumba nyingine isingethubutu. Ingekuwa kumtukana Kratochvil usoni.

— Tuseme ukweli, alisema Stempu, taratibu sasa. — Huyo mtoto wa kushoto Jumapili anakula nini?

— Sijui, alisema Bawaba.

— Anaitwa nani?

— Sijui na sitaki kujua. Colby alitaka kuniambia, nikamwambia aniwie radhi. Ukishajua jina unazoea. Ukizoea, anahama.

— Na Wilma anasemaje?

— Wilma hasemi.

Na ni kweli, Wilma hakuwa akisema. Jumapili ya kwanza mkewe alitandika meza, akaweka sahani ya nne. Bawaba akaiondoa. Jumapili ya pili Wilma akaiweka tena, Bawaba akaiondoa tena. Ya tatu vilevile, mbele ya Colby, ambaye alitazama sahani ikirudi kabatini na kumaliza chakula chake bila kuongeza. Tangu siku ile ya kwanza Wilma alikuwa hajamsemesha mumewe neno zaidi ya "sogea". Hiyo ndiyo sababu nyingine iliyomfanya Bawaba awe anawahi benchini kabla ya karani.

Dizeli, ambaye hapendi ukimya kwa sababu unamkumbusha injini iliyozima, alipiga paja.

— Hebu tumsaidie mwenzetu. Mrushaji tumpake mafuta.

— Mafuta gani?

— Yale ya kupaka viwele vya ng'ombe. Kuanzia shingo mpaka magoti. Adui akimshika, anateleza. Ukuta wa nini tena?

— Na mpira ataushikaje? aliuliza Bawaba.

— Mikono tunaacha.

— Hapana, hapana, alisema Hakimu, na sasa alikuwa amesimama, jambo ambalo hulifanya tu akikaribia kutoa hukumu. — Mnacheza pembeni. Twendeni kwenye sheria. Sheria inasema mbele pawe na watano, watulie tuli kabla mpira haujaondoka. Si ndiyo?

— Ndiyo.

— Imesema wawe wanajua mpira?

— Haijasema.

— Imesema wawe hai?

Dizeli alionekana akipitia sheria kichwani.

— Magunia, alisema Hakimu. — Magunia matano ya mahindi, tunayavalisha jezi. Kuna kitu kinachotulia kuliko gunia? Halihitimu. Halioi. Halihami chuo.

— Gunia halimzuii mtu, Hakimu.

— Linamzuia vizuri sana asipoliona. Mwenda pole hajikwai, na asiyekwenda kabisa atajikwaa wapi?

— Anayejikwaa ni adui, alisema Dizeli, ambaye wazo lilikuwa limeanza kumwingia. — Anajikwaa kwenye gunia, anamwangukia Colby akiwa amepakwa mafuta, anateleza mpaka nje ya uwanja. Bawaba, hii inawezekana, ujue.

— Na wale wageni wa mechi ya kwanza, alimalizia Hakimu, akikaa kwa heshima, — waje tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Tutaponea wapi na mbavu za mtoto zimevunjwa? alisema Stempu. — Kila methali wewe unaivaa nyuma mbele.

Bawaba hakucheka, na wenzake wakaona.

— Nyie mnacheza, alisema. — Mwaka jana Colby alianguka mara sita msimu mzima. Mara sita. Nilizihesabu zote, na kila mara nilikuwa nimeshasimama kabla yeye hajasimama. Sasa mgongoni kwake kuna mtu gani? Niambieni hilo tu. Nani yuko mgongoni kwa mtoto wangu?

Hapo pikapu moja nyeupe, yenye vumbi la barabara ndefu, iliingia kwa kasi ikapanda moja kwa moja juu ya mizani, ikasimama. Dereva hakuonekana kujua amepanda nini. Benchi lilifanya kazi yake bila kufikiri.

— Elfu tano na mia mbili, alisema Dizeli.

— Elfu tano kasoro, alisema Stempu.

Karani alisoma kutoka dirishani: elfu tano mia moja na arobaini. Dizeli akatikisa kichwa kwa unyenyekevu wa bandia. Mwanamke wa makamo aliteremka, mfupi, kofia ya jua kichwani, akazunguka upande wa pili na kutoa sufuria kubwa iliyofungwa kwa taulo. Aliikumbatia kama watu wanavyombeba mtoto aliyelala.

— Samahanini, wazee wangu, alisema. — Nimefika chuoni, wakaniambia babu yake mrushaji asubuhi hukaa hapa.

Vidole vitatu vilimwonyesha Bawaba kabla mwenyewe hajaamua kama atakuwepo au hatakuwepo.

— Ni mimi, mama.

Mwanamke aliweka sufuria ukingoni mwa benchi, akaushika mkono wa Bawaba kwa mikono yake miwili, hakuuachia.

— Mimi naitwa Ofelia Barraza. Natoka magharibi kule, mashamba ya biti za sukari. Mimi ndiye mama wa kijana wako wa kushoto.

— Karibu, mama, alisema Bawaba, na sauti ilimtoka nusu.

— Nilimwambia mume wangu, shukrani kama hizi hazisemwi kwenye simu. Mtoto wangu hajawahi kukaa mbali na nyumbani. Alipokuja huku nililia njia nzima ya kurudi. Halafu kila Jumapili jioni ananipigia. "Mama, leo nimekula kwa babu, nimeshiba." Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimeshiba. Babu, nimemlisha yule mtoto miaka kumi na tisa, kwangu hilo neno hajawahi kulitamka.

Stempu alitoa leso, akajifanya anafuta miwani. Dizeli aliinamia kikombe kitupu akakinywa.

— Anasema huwa mnamkaribisha vizuri sana, aliendelea Ofelia. — Anasema mama wa nyumba huwa ameshaweka sahani yake mezani hata kabla hajafika.

Bawaba alihisi masikio yanawaka. Hilo la sahani lilikuwa kweli. Colby alikuwa amemwambia mwenzake, na mwenzake alikuwa ameichukua nusu ile iliyo nzuri akampelekea mama yake, nusu ya pili akaimeza.

— Humu nimeleta tamale, alisema Ofelia, akigonga kifuniko. — Unga wa mahindi, ndani nyama ya nguruwe na pilipili, nimezifunga mwenyewe kwenye maganda ya mahindi, za nyumba nzima. Na nina swali moja dogo, babu, halafu nikuache na wenzako. Mezani kwenu kuna chakula gani anachokipenda zaidi? Nataka nijifunze kukipika, akirudi Krismasi akikute. Yeye nikimuuliza anasema vyote tu.

Karani, ambaye kwa kawaida hutega sikio dirishani, alilifunga dirisha. Hakimu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aache mlango wa mahakama hakukuwa na methali ndani, akaufunga. Dizeli alimtazama Stempu, Stempu akatazama viatu vyake.

Madonge, Bawaba angeweza kusema. Anapenda madonge. Lingekuwa neno moja tu, na huyu mama angeondoka anacheka, na kule chuoni kijana angeelewa na kuubeba uongo huo pia, kama alivyoubeba ule mwingine wiki tatu nzima ili babu wa mwenzake asiaibike mbele ya watu wasiomjua. Mtu ambaye hajawahi kumpa hata glasi ya maji.

— Sijui, mama, alisema.

— Hujui?

— Hajala kwangu hata siku moja.

Ofelia aliuachia mkono wake. Alitazama sufuria, akamtazama Hakimu, akamtazama Dizeli, kama vile mmojawao angeweza kuwa ndiye babu wa kweli.

— Sasa Jumapili amekuwa akila wapi?

— Jiko la chuo hufungwa Jumapili.

— Sikukuuliza kinachofungwa. Nimekuuliza anakula wapi.

— Sijui, mama. Kosa ni langu. Kulikuwa na mwingine kabla yake, nikampenda, akaondoka bila kuniaga. Nikamlipisha wako.

Alilisema mbele ya wote, na hakuna aliyemsaidia, na hakutaka kusaidiwa. Ofelia Barraza aliivuta sufuria karibu yake.

— Kwa hiyo amenidanganya, alisema.

— Alikuwa ananifichia aibu mimi.

— Kwa nini akufichie? Wewe umemfanyia nini?

— Hakuna, alisema Bawaba. — Ndiyo maana kukudanganya kumenishinda.

Akainuka. Magoti yalilia, na safari hii hakuna aliyeyacheka.

— Mama, mtoto anaitwa nani?

— Ezequiel.

— Esekeli.

— E-ze-quiel.

— Ezequiel, alisema Bawaba, kisha akarudia pole pole, mara mbili, mpaka likakaa sawa mdomoni. Ndipo akanyoosha mikono kuichukua sufuria. Ofelia akaiwahi.

— Hii naibeba mwenyewe mpaka nijue inakwenda wapi.

— Inakwenda kwa mke wangu, nyumba ile ya kijani, si mbali. Jumapili hii Ezequiel atakula pale, na wewe kama unaweza kukaa, ukae umwone kwa macho yako. Ila nina ombi moja.

— Ombi gani?

— Tukifika mlangoni, tangulia wewe, maana mke wangu hanisemeshi. Mimi nitakuwa nyuma yako.